Zawadi za Krismasi: mnatoa kwa moyo au kwa aibu?

Wakuu, hivi tarehe 25 Desemba ni lazima kila mtu apewe kitu? Mwaka jana nilinunulia ukoo mzima mpaka nikakopa, Januari nikabaki nahesabu siku, na shukrani zenyewe nilipata mbili tu.

— Pole mkuu. Ila Mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane kwa mtoto mmoja, hawakugawia kijiji kizima 😂

— Mi siku hizi watoto tu ndo nawapa, wakubwa nawapigia simu tunaongea weee, na bibi anafurahi kuliko zile shali, maana zote ziko kabatini hata hazijafunguliwa.

— Ukikopa ili utoe, hapo umegawa hela ya mwenzio bana.

— (Muuliza swali) Haya nimekoma. Ila mama mkwe nampigiaje simu tupu jamani?