Griftlands: adui akisalimu amri, mnamuua au mnamwacha? Tupeane uzoefu

Habari za jioni wakuu. Kwa wasiolifahamu, Griftlands ni gemu la Klei Entertainment, studio ya Vancouver, Kanada. Toleo kamili lilitoka Juni 2021. Unapigana kwa karata, ila una mafungu mawili: moja la vita, jingine la maneno. Anayekuzibia njia unaweza kumchapa, au mkajadiliana mpaka msimamo wake uishe, akubali.

Kinachoninyima usingizi ni mwisho wa vita. Adui akizidiwa anasalimu amri, na hapo wewe ndiye unayeamua kama ataishi. Ukimuua, waliompenda wanakugeuka. Mtu akifikia kukuchukia kabisa, unabeba nuksi yake safari nzima. Akikupenda sana, unabeba baraka yake.

Mimi nacheza na Sal, yule dada aliyerudi Murder Bay kumsaka Kashio aliyemuuza utumwani. Huwa naacha watu waende. Safari moja nilimwacha jambazi hoi, baadaye nikamkuta baa, bado kaninunia. Lakini yu hai, na mtu aliye hai unaweza kupatana naye. Ninyi je?

Mdau, Mwanza
Mkuu, mimi naua, ila kwanza naangalia huyu mtu ana nani. Kuna watu wanachukiwa na nusu ya mji. Ukimmaliza mmoja wao, maadui zake wanaanza kukupenda wewe. Mwenye marafiki wengi simgusi hata awe kanitukana vipi. Ndiyo maana nalipenda gemu hili kuliko yote ya karata niliyocheza: karata inaisha mezani, lakini ulichofanya kinabaki mtaani.

Mdau, Mombasa
Hamjambo. Mimi vita navikwepa kabisa nikiweza. Karata za maneno za Sal ziko za upole na za vitisho, nami nimeshikilia za upole. Karata ukiitumia sana inakomaa, kisha unachagua moja kati ya sura mbili mpya, kwa hiyo zile chache nizitumiazo daima ndizo kali.

Nawapa mfano. Mpinzani akiweka hoja zake mezani, kila zamu zinakugonga. Wengi hukimbilia kumshambulia yeye mwenyewe. Mimi huvunja kwanza ile hoja inayouma zaidi, hata kama zamu nzima itaishia hapo, ndipo namgeukia mwenyewe. Na ukishindwa majadiliano hufi. Wapata tu njia ngumu zaidi. Ukifa vitani, kwa kawaida safari imekwisha.

Mdau, Nairobi
Mimi nacheza na mdogo wangu, namtafsiria mazungumzo kwa sauti maana Kiingereza chake bado. Tuko na Rook, yule jasusi wa eneo la Grout Bog aliyekaa katikati ya Spark Barons, kundi la mabwana wa migodi, na wafanyakazi walioasi, wale wa Rise. Dogo hakubali kabisa mfanyakazi auawe. Juzi tulimshinda mmoja, nikataka kummaliza kwa sababu ya faida, dogo akanishika mkono: "Kaka, huyu anadai tu haki yake." Tukamwacha. Tangu hapo maamuzi ya kuua ni yake, mimi ni wa karata.

Mdau, Dodoma
Natokea Slay the Spire, gemu jingine la karata, ambako hakuna wa kumhurumia. Unapanda mnara tu. Kule nilizoea fungu jembamba, la karata chache: dukani unalipa dhahabu kuondoa karata, na kila ukiondoa bei inapanda. Nilipohamia Griftlands nikaendelea vilevile, na linafanya kazi. Kwenye swali la mkuu: mabosi, wale maadui wakubwa, naua, watu wa kawaida naacha.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Dada wa Mombasa, nimeuchukua ushauri wako wa kuvunja hoja kwanza. Sijaona hapa mtu anayecheza na Smith, mhusika mwingine wa gemu hili. Wanaocheza na Smith, mnaua au mnaacha?