Wajukuu wa Bi Mize: Jumatatu, 11 Agosti 2025

12:41 Zuhura: Jamani, hukumu imetoka. Mahakama ya Michezo imeitupa rufaa ya timu yetu, Crystal Palace. Europa League hatumo tena. Tunapelekwa Conference, shindano la chini yake, na nafasi yetu wanapewa Nottingham Forest.

12:41 Zuhura: Jana tu Wembley tumewafunga Liverpool kwa penalti, tukabeba Ngao ya Jamii!!

12:43 Zuhura: Safari ya mechi ya Ulaya iko pale pale. Pauni 40 kila mtu, zifike kwa Sele kabla ya Ijumaa. Andikeni majina.

12:58 Zuhura: Mnasoma, tiki za buluu naziona.

13:05 Faki: Nimetokwa na machozi kazini wallahi. Bosi kaniuliza nani kafa

13:06 Khamis Dar: Poleni. Ila sijaelewa. Si Textor alishauza hisa zake za Palace?

13:09 Zuhura: Kauza, ila kachelewa. UEFA, wakubwa wa soka la Ulaya, walikagua hali ilivyokuwa 1 Machi. Siku hiyo Textor alikuwa na kama asilimia 43 ya hisa za Palace, na Lyon ya Ufaransa ni yake. Timu zote mbili zikafuzu Europa. Wao hawataki mtu mmoja awe na usemi kwenye timu mbili za shindano moja. Lyon kamaliza wa 6 kwao, sisi wa 12, basi anabaki Lyon. Woody Johnson kazinunua hizo hisa kiangazi hiki, haikusaidia kitu.

13:10 Zuhura: Na kura zake zilikuwa robo tu! Timu inaendeshwa na mwenyekiti Steve Parish, muulize hata muuza chipsi wa uwanjani kwetu Selhurst. Textor mwenyewe alitaka kuuza kwa kuwa usukani hapewi. Sasa huo usemi ulikuwa wapi?

13:12 Khamis Dar: Ndiyo maana huku sheria inasema mwekezaji 49, wanachama 51. Angalia Simba

13:12 Faki: Khamis usituletee Simba hapa

13:13 Khamis Dar: Yanga wa Thornton Heath kaguswa 😂😂

13:13 Faki: Njoo huku nikuguse mimi

13:20 Zuhura: Majina jamani.

13:34 Ustadh Haji, Maskati: Sheria hiyo si ngeni. Miaka ya 90 kampuni ya ENIC ilikuwa na Slavia Prague na AEK Athens, zote mbili zikafuzu Kombe la UEFA msimu wa 1998. UEFA wakaweka sheria, timu hizo mbili zikashitaki mahakama hiyo hiyo ya Lausanne, na 1999 zikashindwa. Hoja ya UEFA ni moja: timu mbili za tajiri mmoja zikikutana, mtazamaji ataaminije matokeo? ENIC ndio hao hao wenye Tottenham leo.

13:35 Faki: Kumbe balaa limeanzia Tottenham!!! Na sasa wanamtaka Eze wetu

13:35 Subira: Eze haendi kokote

13:36 Faki: Amin

13:41 Zuhura: Ustadh, hoja naikubali. Lakini mbona Leipzig na Salzburg waliruhusiwa wote Champions League 2017, wote wa Red Bull? Msimu uliopita City na Girona, United na Nice, hisa zikakabidhiwa watu wa pembeni wazishike kwa amana, mambo yakaisha. Mwenye nacho anapata mlango wa uani. Sisi tumekaa tangu 1905 bila kombe kubwa hata moja, mwezi wa tano tumelipata Kombe la FA kwa bao la Eze, na anayekula adhabu ni mtoto aliyekaa jukwaani na jezi yake, si Textor.

13:44 Ustadh Haji, Maskati: Hao UEFA waliyakubali mabadiliko waliyofanya. Hata Marinakis wa Forest, kwa sababu ya Olympiacos yake, alijiondoa kwenye usukani kabla ya msimu kuisha, akihofia sheria hii kwenye Champions League. Palace hawakufanya.

13:45 Zuhura: Fungu la zawadi la Europa, timu zote, ni yuro milioni 565. Conference 285. Hicho ndicho tulichonyang'anywa, achilia mbali heshima.

13:52 Mwanakombo: Mimi silipi.

13:52 Zuhura: Kwa nini tena?

13:55 Mwanakombo: Muulize Sele. Mwezi wa tano nililipa za watu watatu kwenda fainali Wembley, gari likatuacha East Croydon. Mtoto kasimama pale kituoni analia. Mpaka leo sijaambiwa hata pole.

13:56 Faki: Gari lilijaa masufuria ya biriani dada, hata mimi nilikalia sufuria 😂

13:56 Mwanakombo: Endelea kucheka.

13:57 Zuhura: @Sele uko wapi?

14:03 Subira: Yale yale ya paa.

14:03 Zuhura: Subira, hayo usiyalete leo.

14:04 Subira: Niyalete lini? Pesa za paa la Bibi kashika nani? Za Wembley kashika nani? Na hizi za leo zinakwenda kwa nani?

14:04 Faki: Kwa Textor 😂😂😂

14:05 Khamis Dar: 😂😂 nimeanguka

14:10 Zuhura: Hamna haya. Sikilizeni. Europa tungeingia hatua ya ligi moja kwa moja. Sasa tunaanzia mchujo: 21 Agosti Selhurst, 28 ugenini. Tutacheza na atakayeshindwa kati ya Fredrikstad na Midtjylland, wanarudiana Alhamisi. Kwa hiyo safari ni Norway au Denmark.

14:12 Subira: Na viza? Nusu yetu tuna pasi ya Tanzania. Schengen kwa wiki mbili utaipata wapi?

14:30 Zuhura: Basi angalau ya tarehe 21 twendeni wote. Ni hapa hapa, kwa miguu.

16:22 Ami Juma: Assalam alaykum. Nimesoma kuanzia juu mpaka chini. Zuhura mwanangu, pole. Nilikuona ulivyofurahi mwezi wa tano na leo nimeumia kwa ajili yako. Lakini siku ilijulikana. Huyo mwenyekiti wenu alijua mwenziwe ana timu nyingine Ufaransa, na alijua kombe liko mbele yake. Mtu hangoji afuzu ndipo atengeneze nyumba yake. Na nyinyi je? Pesa za paa zimekaa tangu kabla ya Ramadhani, vuli inakuja, chumba cha Bibi kinavuja. Sele asishike mifuko miwili. Achague mmoja. Na Mwanakombo arudishiwe zake kwanza, ndipo mtu aitishe pauni nyingine.

16:58 Mwanakombo: Ahsante Ami.

17:15 Ustadh Haji, Maskati: Umesema, Ami.

17:40 Zuhura: Nimesikia Ami, shikamoo. Naomba niseme moja tu. Hiyo 1 Machi ndiyo siku tuliyocheza na Millwall raundi ya tano ya Kombe la FA. Kipa wao alimpiga Mateta, mshambuliaji wetu, teke la kichwa, kabebwa na machela mpaka hospitali. Tulishinda 3-1 na sote tulikuwa tunamwombea asife. Siku hiyo hakuna Selhurst nzima aliyewaza Ulaya.

17:52 Ami Juma: Wewe haikuwa kazi yako kuwaza. Ilikuwa yake.

21:16 Sele: Nilikuwa zamu. Ami nitakupigia kesho in shaa Allah. Za Mwanakombo kesho pia

21:17 Subira: Na za paa?

21:40 Faki: Kaisoma huyo

22:03 Shangazi Asha: Kwani Palace si ndio waliochukua kombe jana? Wamenyang'anywa?

22:04 Faki: Hapana shangazi hilo wanalo

22:11 Zuhura: Wa tarehe 21 mpaka sasa ni mimi, Faki, na Mwanakombo akikubali na wanawe. Subira hujajibu. Na Sele, kama unabaki na mfuko wa paa, hizi za mechi anapokea nani?