Wiki nne kabla ya kufunga muhula wa tatu, Gredi ya 5: nianze na lipi?

Mwalimu_Winam (Kisumu)
Habari walimu. Nina Gredi ya 5, wanafunzi 64, na zimebaki wiki nne tufunge. Alama za tathmini ya shule hazijaingizwa zote, vitabu bado viko kwa watoto, ripoti fomu zinangoja, na darasa letu litatumika kwa KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6. Ukitoa tarehe 10 na 20 Oktoba ambazo ni sikukuu, siku zenyewe si nyingi. Wenzangu mnapangaje, na kipi hukwamisha watu?

Chaki na Dasta (Nakuru)
Mwalimu, anza na alama. Vitabu vitangoja, alama hazingoji, na hizo za Gredi ya 4 na 5 humfuata mtoto hadi KPSEA.

Wiki hii ya kwanza tafuta mapengo tu. Nani alikosa kazi ipi? Usimwandikie sifuri mtoto ambaye hakuwepo, kwa sababu baadaye sifuri hiyo itasomeka kwamba hajui. Mpe kazi hiyo sasa, akiwa bado anakuja shule.

Ukiingiza alama kwenye tovuti ya baraza la mitihani (KNEC), fuata nambari ya tathmini ya kila mtoto, usifuate jina. Darasa la Kisumu laweza kuwa na akina Otieno watano na akina Achieng wanne. Ukiruka mstari mmoja, orodha yote ya chini inapata alama za jirani, na hutagundua kwa sababu kila nafasi imejaa. Mwalimu mwenzako asome nambari na alama kwa sauti, wewe uangalie skrini. Fanya alfajiri au usiku. Siku za mwisho mtandao hulemewa. Kisha chapisha ukurasa uweke kwenye faili.

Ripoti fomu: ukitumia dakika sita kwa kila moja, 64 ni zaidi ya saa sita. Andika 16 kwa siku, siku nne. Ukizirundika usiku mmoja, kuanzia ya thelathini utakuwa unaandika "jitahidi zaidi" kwa kila mtoto, na hilo halimwambii mzazi chochote. Andika anachoweza na kinachomshinda: "Anajumlisha 1/5 na 2/5 vizuri, 1/2 na 1/3 bado zinamtatiza." Mzazi akisoma hivyo anajua likizo amsaidie wapi.

Mama Stoo (Kakamega)
Nitagusia vitabu. Usikusanye vyote siku moja. Pokea somo moja kwa siku, Hisabati na lugha zije mwisho kwa sababu ya marudio.

Mtoto aje na kitabu mezani, ulinganishe nambari na rejista. Soma nambari iliyo ukurasa wa ndani, maana gamba ndilo hung'oka kwanza. Fungua mwisho uone kama kurasa zimetimia. Kikishapokelewa kiingie kwenye katoni na katoni ifungwe papo hapo. Kikibaki juu ya meza, aliyepoteza chake atakiazima akuletee tena, na jioni rejista itasema vitabu 64 huku katoni ina 61.

Huku kwetu Oktoba mvua ya alasiri huwakuta watoto njiani, kwa hiyo vingine vitakuja vimelowa. Usivirundike, vitagandana na kuota ukungu. Weka gazeti kila baada ya kurasa kumi hivi, uvisimamishe kivulini penye upepo, ubadilishe gazeti likilowa. Jua kali hukunja karatasi. Vikikauka, vikandamize kwa matofali usiku kucha.

Uti uliochanika upake gundi nyeupe ya mbao, nyembamba, kisha ubandike kipande cha kitambaa. Gundi ya unga wa ngano huita mende na panya stoo. Selotepu nayo hukauka na kubanduka, ikiacha alama ya njano.

Mwalimu_Winam (Kisumu)
Asanteni sana. Na vitabu vikisharudi? Wakijua alama zimekwisha hawatulii.

Kalamu ya Bungoma
Madaftari yabaki kwao hadi siku ya mwisho. Asubuhi endelea na Hisabati na kusoma kama kawaida. Alasiri mvua ikipiga mabati hakuna atakayekusikia, kwa hiyo weka kazi ya kuandika. Makundi ya wanne yatunge maswali 20 kutoka madaftari yao, jibu nyuma ya karatasi, kisha wabadilishane na kundi lingine. Siku nyingine kila mmoja amwandikie mwalimu wa Gredi ya 6 barua: anachokiweza, kinachomsumbua, anapenda kukaa wapi na kwa nini. Barua hizo mpe mwenzako. Januari zitamfaa kuliko orodha ya alama.

Kuhusu darasa: chati zote hutolewa ukutani kabla ya KPSEA. Usizivute, plasta itatoka nazo. Pitisha rula nyuma ukianzia chini. Zikunje kwa mviringo, maandishi ndani, uandike somo kwa nje.

Madawati ya ziada yatahamishwa, na hapo ndipo mengi hupotelea madarasa mengine. Yahesabu na uyaandike "5" chini ya ubao wa kukalia kabla hayajatoka. Tumia rangi; chaki itafutika yakinyeshewa nje.