Ushauri: mkono wa mdogo wangu uliunga vibaya, daktari anataka kupanga upasuaji kwa 3D

Mleta uzi
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 19. Mwaka jana alianguka na bodaboda, mifupa yote miwili ya kigasha cha kulia ikavunjika, wazee wakampeleka kwa muunga mifupa. Imeunga, lakini imepinda na kiganja hakigeuki juu. Kunawa uso shida, chenji anapokelea kushoto, na mnajua watu wazima wanavyolichukulia hilo. Daktari wa kwanza alisema atavunja upya afunge vyuma. Wa pili anataka CT scan ya mikono yote miwili, apange kwenye kompyuta, kisha vitengenezwe violezo vya kuongoza msumeno, vinavyokaa kwenye mfupa wake yeye tu. Gharama inapanda, baba mdogo anasema tunachunwa. Mwenye kujua anisaidie.

Chumba cha Picha
Pole sana mkuu. Nafanya kazi mionzi. Hamchunwi. X-ray inaonyesha mfupa kwa mbele na kwa ubavu. Kama umejisokota, picha hizo zinaweza zisioneshe. Mkono usioumia unahitajika kwa sababu kompyuta inaugeuza kama kwenye kioo na kuulaza juu ya uliopinda. Hapo ndipo panaonekana pa kukata na pembe ya kurekebisha. Hakikisheni picha zinaanzia kiwiko hadi kifundo, vipande vya milimita 1 au pungufu, na ombeni mafaili ya DICOM (picha zenyewe za kompyuta) kwenye CD au flashi. Filamu peke yake hazitafaa kupangia, mtarudia kipimo na kulipa tena.

Msumeno na Skrubu
Mimi ni daktari wa mifupa. Kwa jeraha la aina hii naunga mkono. Kwenye kigasha mfupa mmoja unauzunguka mwenzake, kwa hiyo kupinda nyuzi 20 katikati kunatosha kupunguza sana mzunguko. Kiolezo kinachongwa kufuata vinundu na mabonde ya mfupa wa mgonjwa, kinakaa mahali pamoja tu. Kupitia humo tunatoboa kwanza matundu ya skrubu, ndipo tunakata. Ikija sahani ya chuma ya kushikilia mfupa, matundu yale yakikutana na ya sahani, mfupa umefika ulikopangwa. Bila hivyo unakisia kwa macho, hata uwe mzoefu vipi.

Lakini mfupa lazima usafishwe vizuri pale kiolezo kinapokaa. Kikilalia nyama, pembe zote zinaharibika. Na msitegemee mzunguko wote urudi. Utando ulio kati ya mifupa ukishakakamaa, mfupa utanyooka na bado kiganja hakitageuka sawasawa. Marekebisho ya ndani ya mwaka mmoja tangu ajali huleta nafuu kubwa zaidi, kwa hiyo majadiliano ya ukoo yasichukue miezi.

Mama Wawili
Mume wangu alivunjika kikombe cha nyonga. Violezo havikuwepo, ila walichapa modeli ya nyonga yake kwa printa ya 3D, daktari akakunja sahani juu yake kabla ya siku ya upasuaji. Programu waliyotumia, 3D Slicer, ni ya bure. Bajeti ikigoma, ulizieni modeli peke yake.

Msumeno na Skrubu
Dada yuko sahihi, kwa nyonga modeli inasaidia mno. Ila plastiki ya PLA, inayotumika sana kwenye printa hizo, hulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na otoklevu (mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke) ni 121 kwenda juu. Modeli hiyo inabaki nje ya meza, zinazotakaswa ni sahani. Kwa kigasha kilichojisokota, modeli inakuonyesha kosa lakini haiongozi msumeno. Na mvunjiko mpya wa kawaida hauhitaji haya yote.

Mleta uzi
Asanteni sana, Mungu awabariki. Ajali itatimiza mwaka mwezi ujao. Daktari, violezo vinavyoingia kwenye jeraha ni vya plastiki gani?

Msumeno na Skrubu
Mara nyingi nailoni ya kitabibu inayostahimili otoklevu. Mwulizeni aliyependekeza vinachapwa wapi, vinatakaswaje, na vinachukua wiki ngapi kufika. Mwezi huo mmoja ndio mlionao.