Zamu za masaa 12 kwenye viwanda vya nguo: zifutwe au zibaki?

Mtoa mada

Wadau, naweka hoja mezani. Kiwanda cha kusokota nyuzi hakizimi mashine hovyo, kwa hiyo kila mwenye kiwanda lazima agawe usiku na mchana kwa zamu. Wako wanaogawa kwa zamu tatu za masaa 8 na wako wanaogawa kwa zamu mbili za masaa 12. Msimamo wangu ni kwamba hizi zamu mbili, kwa siku 6 za wiki, zifutwe Tanzania nzima, na sababu ya kwanza ni hesabu tupu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka masaa 45 ya kawaida kwa wiki, yasiyozidi 9 kwa siku. Ovataimu ni kwa makubaliano, isizidi masaa 50 ndani ya mzunguko wa wiki 4, na ilipwe mara moja na nusu. Kisha inasema mtu asifanye kazi zaidi ya masaa 12 kwa siku. Waajiri wameshika hilo la mwisho na kuyaacha yaliyotangulia.

Tupige hesabu. Zamu ya masaa 12 ukitoa saa moja ya chakula yanabaki 11. Mara siku 6 ni 66. Toa 45, ovataimu ni masaa 21 kwa wiki, yaani 84 kwa wiki 4, wakati mwisho ni 50. Hapo bado hatujagusa kanuni ya mapumziko: ukifanya kazi mfululizo zaidi ya masaa 5, unastahili dakika 60. Masaa 11 hayagawanyiki kwa pumziko moja bila upande mmoja kuvuka 5, kwa hiyo yanatakiwa mapumziko mawili. Haya, toa mawili: masaa 10 mara 6 ni 60, ovataimu 15 kwa wiki, 60 kwa wiki 4. Bado imevuka. Hakuna namna ya kuipanga zamu mbili kwa siku 6 ikakaa ndani ya sheria.

Karani wa Mishahara

Mtoa mada, kwenye sheria nakuunga mkono, lakini mfuko wa mfanyakazi hukuugusa na hapo ndipo mjadala wenyewe ulipo. Tuchukue mshahara wa 390,000 kwa mwezi, kwa urahisi wa hesabu tu. Kiwango cha saa unakipata kwa kugawa mshahara kwa 4.333 upate wa wiki, kisha unagawa kwa 45. Inatoka kama 2,000. Ovataimu basi ni 3,000 kwa saa.

Masaa yale 21 kwa wiki ni 63,000, na kwa mwezi ni kama 273,000. Huyu mtu anaondoka na 663,000. Ukimhamishia zamu tatu kesho asubuhi, anarudi kwenye 390,000. Umempunguzia zaidi ya theluthi moja ya kipato, na kodi ya nyumba haikupungua. Ndiyo maana ukipiga kura kiwandani, wengi watachagua masaa 12, na msimamizi atakuja na karatasi ya saini zao kama ushahidi kwamba wameridhia.

Ila saini hizo hazisaidii kitu. Makubaliano yanahalalisha ovataimu hadi 50 kwa wiki 4, hayahalalishi 84.

Na kuna hali mbaya kuliko hiyo: mtu analipwa kwa kutwa, kiasi kimoja bila kujali masaa, hati ya malipo haionyeshi ovataimu wala posho ya usiku. Huyo hana cha kupoteza zamu zikibadilika. Tena mwajiri wa namna hiyo ndiye anayepiga kelele zaidi kwamba zamu tatu zitamuua.

Mhandisi wa Nyuzi

Nizungumzie mashine, maana hapa watu wanahesabu masaa kama vile kila saa ni sawa na nyingine.

Chukua mashine ya kusokotea yenye spindeli 500, yaani vile vijiti vinavyozunguka kukunja uzi, na mhudumu mmoja anayeangalia mashine 4. Hizo ni spindeli 2,000. Nyuzi zikikatika mara 30 kwa kila spindeli 1,000 kwa saa, mhudumu anaunga nyuzi 60 kwa saa, wastani wa moja kila dakika, huku akitembea kwenye vichochoro. Kuunga mkono ukiwa mwepesi ni kama sekunde 10: unasimamisha spindeli kwa goti au kwa breki yake, unatafuta ncha ya uzi kwenye bobini, unaipitisha kwenye kile kipete kidogo kinachokimbia juu ya ringi, kisha unaigusisha kwenye pamba inayotoka kwenye rola ya mbele. Uzi uliokatika usipoungwa, pamba inaendelea kutoka na kunyonywa na bomba la hewa kwenda kwenye taka. Bomba likizidiwa au unyevu ukiwa mbaya, pamba inajiviringisha kwenye rola. Rola ikishaviringiwa inavuta na majirani zake, na sasa badala ya uzi mmoja una sita za kuunga, na wembe wa kukatia ile pamba mkononi. Vidole vingi vinajeruhiwa hapo, hasa mtu anapoamua kukata bila kusimamisha.

Sasa mfikirieni mhudumu huyo saa ya 10 na ya 11 ya zamu yake. Sekunde 10 zinakuwa 15, mzunguko wake unachelewa, nyuzi zinasubiri, taka inaongezeka, na viungio vinakuwa vinene. Kiungio kinene hakionekani kwenye kusokota. Kinaonekana kwenye kufuma, uzi unapokatikia kwenye mtambo na kitambaa kuingia daraja la pili. Meneja anaandika kosa kwenye idara ya ufumaji, wakati limezaliwa kwenye zamu ndefu ya jirani.

Umeme nao. Ukikatika, mashine ikiwaka tena nyuzi zinakatika kwa mamia kwa pamoja, na kipoza hewa kinachukua muda kurudisha unyevu. Pamba inataka unyevu wa asilimia 55 hadi 60 kwenye kusokota. Timu iliyo kwenye saa ya 3 inalirudisha jengo zima kwenye mwendo haraka kuliko iliyo kwenye saa ya 11. Anayetaka ushahidi asinisikilize mimi, apime taka kwa kilo kila saa mbili katika zamu moja kwa wiki moja.

Afya Kazini

Naongezea alipoishia Mhandisi. Viwango vya usalama vya kelele na vumbi vimekokotolewa kwa mtu anayekaa humo masaa 8. Kikomo cha kelele cha desibeli 85 kwa masaa 8 kinashuka hadi kama 83 ukikaa masaa 12, na mitambo ya kufuma inayorusha shato, kile chombo kinachopitisha uzi huku na huku, hukaribia 100. Viziba masikio ni lazima hapo, lakini vikivaliwa masaa 12 kwenye joto watu wanavitoa.

Vumbi la pamba ni baya zaidi kwenye kufungua marobota na kuchambua. Dalili ya mwanzo ya ugonjwa wake ni kifua kubana siku ya kwanza baada ya mapumziko, Jumatatu, kisha kinalegea katikati ya wiki. Kwa hiyo mtu anaposema "Jumatatu nakuwa na mafua", apimwe pumzi kabla ya zamu na baada ya zamu, siku hiyohiyo. Ukisubiri hadi Alhamisi, kipimo kinaweza kutoka kizuri.

Jirani wa Athi River

Huku Kenya hesabu ya mtoa mada haingii moja kwa moja. Amri ya jumla ya mishahara inaruhusu masaa 52 ya kawaida kwa wiki ya siku 6, na kwa wafanyakazi wa usiku 60. Ukijumlisha ovataimu, wiki mbili zisizidi 116 mchana na 144 usiku. Yaani mlinzi au mhudumu wa usiku wa masaa 12 kwa siku 6, jumla 72 kwa wiki, yuko kwenye mstari kabisa. Sisi tatizo letu ni sheria yenyewe, nyinyi tatizo lenu ni kuisimamia. Nawaonea wivu hiyo 45.

Msoma Historia

Ndugu zangu, hoja ya "sheria ipo ila inazungukwa" ni ya zamani kama kiwanda chenyewe. Uingereza ilipitisha mwaka 1847 sheria ya masaa 10 kwa wanawake na vijana kwenye viwanda vya nguo. Baadhi ya wenye viwanda vya Lancashire waliizunguka. Sheria ya awali, ya 1833, iliruhusu vijana wafanye kazi wakati wowote kati ya saa 11 na nusu alfajiri na saa 2 na nusu usiku. Basi wakawaita kwa makundi ya kupokezana ndani ya masaa hayo 15: fanya matatu, toka, rudi mchana, toka, rudi jioni. Kwenye daftari ni masaa 10, kwenye mwili ni siku nzima. Mkaguzi angejuaje nani alikuwa wapi saa ngapi? Na mahakama mwaka 1850 ikasema mpango huo haujavunja sheria.

Dawa waliyoipata watunga sheria mwaka huohuo ni ya kuigwa. Waliacha kuhesabu masaa ya mtu mmoja mmoja, wakabana saa za jengo: kazi ya wanawake na vijana kuanzia 12 asubuhi hadi 12 jioni au 1 hadi 1, saa moja na nusu ya chakula ndani yake, Jumamosi mwisho saa 8 mchana. Ilikuwa masaa 10 na nusu, nusu saa zaidi ya yale 10 waliyoahidiwa wafanyakazi, lakini mkaguzi akipita saa 2 usiku na kumkuta msichana kwenye mashine, kesi imekwisha. Na kwa kuwa wanaume hawakuweza kuendesha kiwanda bila hao, kwa sehemu kubwa nao wakatoka.

Mwenye Hoja Kinyume

Wote mmesema vizuri, ila nyote mmesahau saa 4 usiku. Zamu tatu zinabadilishana saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Hiyo ya mwisho inawatoa wanawake getini wakati daladala zimepungua, na wanaoingia wanatembea giza hilohilo. Zamu mbili zinabadilishana 12 na 12, magari yapo. Kiwanda kisicho na basi lake kinawapa wafanyakazi zamu fupi na njia ya hatari. Na kile kinachoitwa posho ya usiku ni asilimia 5 ya mshahara wa saa. Kwa mfano wa Karani ni shilingi 100 kwa saa, 700 kwa usiku wa masaa 7. Haifiki nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam.

Mimi napendekeza masaa 12 yabaki, lakini kwa timu nne: asubuhi mbili, usiku mbili, mapumziko siku nne. Ni zamu 4 tu katika siku 8, masaa hayafiki 45 kwa wiki, na sheria inaruhusu wiki iliyobanwa ya hadi masaa 12 kwa siku, mradi kuna makubaliano ya maandishi na siku zisizidi 5.

Mhandisi wa Nyuzi

Timu nne nazikubali kuliko zamu mbili za sasa, ingawa saa ya 11 inabaki saa ya 11. Ila angalieni wapokezi, yaani wanaoshika mashine za wenzao walio kwenye pumziko. Kwenye zamu ya masaa 8 pumziko lazima lianze kati ya saa ya 2 na ya 5 ili pande zote mbili zisivuke masaa 5. Hapo zinapatikana nafasi 4 tu, kwa hiyo mpokezi mmoja anatosha wahudumu 4. Viwanda vinaweka mmoja kwa 8 au 10, halafu watu wanakula wamesimama kwenye mashine, na hiyo saa hawalipwi. Sheria iko wazi: ukitakiwa kubaki kazini wakati wa pumziko, unalipwa.

Mtoa mada

Mwenye Hoja Kinyume, timu nne nazipokea, basi la saa 4 usiku nalipokea zaidi. Pendekezo langu sasa kwa matawi ya TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, yanayokaribia kujadili mkataba wa hali bora: zamu zibadilishwe ndani ya miezi 12, siyo kesho. Ovataimu ishushwe kwanza hadi 50 kwa wiki 4, kwa mfano wa Karani hiyo ni 150,000 inayobaki mfukoni, na kila awamu ya kushusha iandamane na nyongeza ya mshahara wa msingi iliyotajwa kwa shilingi. Saa za zamu zibandikwe getini, na mpangilio uende asubuhi, mchana, usiku, usirudi nyuma. Kwa wanaoendesha siku 7, mtu akitoka saa 4 usiku na kuitwa saa 12 asubuhi amepata masaa 8 tu, wakati sheria inataka 12.

Karani wa Mishahara

Ongezeni kipengele cha hati ya malipo: masaa ya kawaida, ovataimu, na masaa ya posho ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kila moja mstari wake. Na atakayekuta hayalingani asikae nayo. Mgogoro wa malipo unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Wengi wanafika siku ya 90 wakiwa na kila ushahidi mkononi, na kwanza wanalazimika kuomba waruhusiwe kuchelewa.