Yule jamaa wa "ni aleji tu" leo kavuka mpaka!

Kucha Fupi: Wakuu, nimechafukwa. Yule jamaa mnayemjua, tabibu mwenzetu, leo kamwandikia setirizini (dawa ya aleji) mzee wa watu anayewashwa tangu Ramadhani. Hajamwambia hata apandishe mkono wa shati. MKONO WA SHATI! Mtu aje na mshale mgongoni, huyu ataandika aleji.

Maswali yenyewe ni ya bure. Kuna vipele? Usiku unazidi? Nyumbani nani mwingine anajikuna? Ukizidi usiku na watoto nao wanajikuna, tazama katikati ya vidole, kiunoni, sehemu za siri: upele huo, ule wa wadudu wa ngozini. Ngozi ikiwa na michubuko ya kucha tu, mgeuze. Katikati ya mgongo, mkono usipofika, pakiwa safi, ujue chanzo kinaweza kuwa ndani: pima ini, figo, FBP (picha kamili ya damu), tezi ya thairoidi, VVU. Sasa mgongo utauonaje na mkono wa shati umekushinda?

Bibi Losheni: Na betamethazoni juu, krimu ya steroidi! Ukiipaka kwenye upele, muwasho unatulia, wadudu wanazaliana kwa raha zao, baadaye hata ukiutazama huutambui.

Mzee wa Foleni: Mleta uzi punguza munkari. Wagonjwa 80, mashati yote hayo yapandishwe saa ngapi?

Kucha Fupi: Sekunde 5 mkuu. Mkono. Wa. Shati.

Mama Wodi: Mjamzito wa miezi 8 anawashwa viganja na nyayo, kipele hakuna, naye anaambiwa aleji. Apimwe ini na asidi za nyongo haraka, mtoto yumo hatarini!

Dirisha la Dawa: Nanyi mnaandika BBE, dawa ya kupaka ya upele, chupa moja kwa nyumba ya watu 6. Wapake wote siku moja, shingoni hadi nyayo, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Na mwambieni muwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 wadudu wakiwa wamekufa, asije kunitukana dawa feki.

Jaribu Tena: Afadhali aleji. Huku kila kitu "UTI sugu", maambukizi ya njia ya mkojo.

Mama Wodi: Kwa mkojo upi? Watu wanakinga ule wa mwanzo! Achia wa mwanzo, kinga wa katikati.

Dirisha la Dawa: Halafu kopo linakaa juani kwa muda wa saa 4, bakteria wanajaa, mtu anapewa sipro, antibayotiki.

Kucha Fupi: Wakuu, turudi kwenye mkono wa shati.

Jaribu Tena: Sipro ya siku ngapi?