Tupeane uzoefu: Mliokuwa Uingereza enzi za serikali ya mseto ya Cameron na Clegg, mliionaje?

Kibaraza
Wakuu, heshima kwenu. Wiki hii nimekaa na binti yangu tukijaza fomu za mkopo wa chuo. Ada imepita pauni 9,500 kwa mwaka. Nilipoiona hiyo namba nikakumbuka jioni ya 9 Desemba 2010, Bunge lilipopitisha ada ipande hadi 9,000 kwa kura 323 dhidi ya 302. Kabla ya uchaguzi wa mwaka huohuo Nick Clegg, kiongozi wa Liberal Democrat, alikuwa amepiga picha ameshika karatasi aliyoitia saini, kwamba atapinga ongezeko lolote la ada.

Mimi kura yangu nilimpa yeye. Na hapa wengi mlipiga, maana mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya akiwa na makaratasi yake sawa anapiga kura ya ubunge kule kama raia wa Jumuiya ya Madola. Mnakumbuka midahalo ya televisheni Aprili 2010? Mtaani kila mtu alikuwa wa Clegg. Uchaguzi ukaisha hakuna aliyefikisha nusu ya Bunge: Conservative 306, Labour waliokuwa madarakani 258, Liberal Democrat 57. Haikupita wiki, David Cameron wa Conservative, sasa waziri mkuu, na Clegg, naibu wake, wakasimama pamoja bustanini Downing Street wanacheka kama mabwana harusi. Oktoba, waziri wa fedha George Osborne akatangaza kukata matumizi ya pauni bilioni 81 kwa miaka minne.

Nataka kusikia kwenu mliokuwepo. Mliionaje ile serikali wakati mkanda unakazwa? Semeni kwa mfuko wenu, ya magazeti tunayo. Msimamo wangu ni huu: kura za maoni za wakati ule zilionyesha wengi wanakubali kubana matumizi ni lazima, na bado wakasema kunafanywa bila haki. Watu walikuwa tayari kuumia. Walichokataa ni kuahidiwa hiki wakapewa kile. Tiririkeni.

Kijana wa Boksi
Nakazia. Tarehe 4 Januari 2011 VAT ilitoka 17.5 ikawa 20. Tuliokuwa tunabeba maboksi tulilipa asilimia ileile anayolipa tajiri.

Dada wa Zamu
Umenikumbusha mbali kaka Kibaraza. Mimi nilikuwa wodini, hospitali moja kusini mwa London. Mshahara ulisimama miaka miwili kwa kila mtumishi wa umma aliyezidi pauni 21,000. Walio chini ya hapo walipewa 250 kwa mwaka. Ulipofunguliwa ukawa asilimia moja moja. Nauli inapanda, kodi ya nyumba inapanda, na nyumbani wanajua dada yuko Ulaya. Mdogo wangu alikuwa kidato cha tano, simu ya ada haikujua kwamba mshahara umesimama.

Lakini niseme ukweli, wodini hatukuwa na kauli moja. Wazungu niliofanya nao kazi, wengine mishahara yao imesimama kama wangu, walikuwa wanasema Labour ndio waliomaliza pesa, hawa wanasafisha tu. Niliyasikia hayo kila zamu ya usiku. Hasira zao zote zilikuwa kwa Clegg, Cameron hawakumgusa. "Cameron tulijua ni nani," ndivyo walivyokuwa wanasema.

Mzee Ukonga
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nakisi ya bajeti mwaka 2009/10 ilikuwa karibu asilimia 10 ya pato la taifa. Liam Byrne wa Labour aliacha barua mezani hazina kwamba pesa hakuna, kaiandika kwa mkono wake. Mlitaka wafanye nini? Na mbona hamsemi kwamba kipato kisichokatwa kodi kilitoka 6,475 kikafika 10,000 mwaka 2014? Hiyo ilikuwa hoja ya Clegg na aliisimamia. Mimi nilikuwa dereva wa basi, nafuu hiyo niliiona kwenye hati yangu ya mshahara. Na fedha za nyongeza kwa wanafunzi maskini mashuleni, hizo pia ni zake. Watu mnakumbuka ada tu.

Kijana wa Boksi
Mzee Ukonga, ulichopewa kwa mkono wa kulia ulinyang'anywa kwa VAT. Piga hesabu vizuri.

Mzee Ukonga
Nimepiga hesabu kabla hujazaliwa. Wengine mlizoea benefiti, pesa za msaada wa serikali, ilipowaambia mfanye kazi mkaanza kulia.

Lubumbashi Kwetu
Mzee, hapo umetukosea adabu. Bandugu, sisi wa Kongo hatukuwa na kura kabisa, Kongo si Madola, lakini makato tuliyapata kama wenye kura. Mama wa watoto wangu alikuwa anafanya usafi shuleni kila siku ya Mungu, na kodi ya nyumba ya kaunsili, yaani halmashauri, ilikuwa inasaidiwa kidogo kwa sababu mshahara hautoshi. Mtoto wetu mkubwa akapata kazi Glasgow, akahama. Aprili 2013 chumba chake kikahesabiwa cha ziada, msaada ukakatwa kiasi cha asilimia 14 ya kodi ya nyumba. Vingekuwa viwili wangekata 25. Wakatuambia tuhamie nyumba ya vyumba vichache. Tukauliza iko wapi, wakasema hakuna kwa sasa, jiandikisheni. Basi kila wiki tunalipia kitanda kisicholaliwa. Huyo mama unayemwita amezoea benefiti alikuwa anatoka nyumbani saa kumi alfajiri.

Mzee Ukonga
Sikumsema mkeo. Pole kwa hilo la chumba, hilo hata mimi sikuliunga mkono.

Mwanatanga
Mimi huwa nasoma tu humu, leo naandika kwa sababu ya huo ubishi wa nani alifanya kazi na nani hakufanya.

Nilikuwa nahudumia wazee majumbani, mji mmoja katikati ya Uingereza. Pasipoti yangu ya kule ninayo tangu kabla ya hayo yote. Nilifunga ndoa Tanga, Desemba 2011. Mpango ulikuwa mume wangu aje mwaka unaofuata, tulisubiri tu nikusanye ada ya viza. Tarehe 9 Julai 2012 sheria ikabadilika. Unayetaka kumleta mwenza lazima uwe unaingiza pauni 18,600 kwa mwaka. Kima cha chini kilikuwa pauni 6.08 kwa saa. Fanyeni hesabu wenyewe, ukifanya kazi saa arobaini kwa wiki mwaka mzima hata 13,000 hufiki.

Mimi nilikuwa nafika kwa saa za ziada. Wikiendi, usiku, sikukuu. Krismasi nilikuwa kwa bibi mmoja namkatia bata mzinga vipande vidogo kama vya mtoto. Sasa kaunsili ndiyo iliyokuwa inailipa kampuni yetu, na kaunsili imekatwa fungu. Ziara ya nusu saa ikawa dakika 15. Dakika 15 umwamshe mzee, umwogeshe, umvishe, umpe dawa na chai. Na mwendo kati ya nyumba na nyumba haulipwi. Siku yangu ilibaki ndefu vilevile ila saa zinazolipwa zikapungua. Nikashuka chini ya 18,600.

Nikatafuta kazi ya pili, usafi wa maofisi usiku. Hapo nikaambiwa kwa kuwa kazi ni mpya, hesabu itaanza upya: hati za mshahara za miezi kumi na miwili, na taarifa za benki za miezi hiyohiyo, pesa iliyoandikwa kwenye hati ionekane ileile imeingia benki. Nilikuwa nazipanga juu ya zulia, mwezi kwa mwezi, hati huku, karatasi ya benki huku, nafuata kwa kidole. Nikazipeleka benki zigongwe muhuri kila ukurasa. Dada wa dirishani akaniuliza hizi zote za nini, nikamwambia za mume. Akaacha kugonga akanitazama, kisha akaendelea mpaka ukurasa wa mwisho bila kusema kitu.

Barua ikarudi imekataliwa. Mwezi mmoja mwajiri wa usafi alinipa sehemu ya malipo mkononi, hati ikasema kiasi hiki, benki ikasema kingine. Niliisoma barua asubuhi kituo cha basi, nikapanda basi, nikaenda kumwogesha mzee wangu wa kwanza kwa sababu yeye alikuwa ananisubiri. Mama mkwe alipofariki mwaka ule, mume wangu alizika peke yake, na mimi sikuthubutu kuacha zamu, maana kila zamu iliyokosekana ilikuwa inanirudisha chini ya ile namba. Kukata rufaa nako wakili alitaka hela. Msaada wa kisheria kwa kesi nyingi za uhamiaji ulikuwa umefutwa Aprili 2013, nao kwa jina la kubana matumizi.

Mnauliza tuliionaje serikali. Mimi sikuona mseto wala nini. Niliona wakubwa wawili wamekubaliana, na kila ukiuliza jambo kila mmoja anasema ni la mwenzake.

Dada wa Zamu
Nimelia. Pole sana mdogo wangu.

Kijana wa Boksi
Dah. Alikuja lakini?

Ankali Mvita
Wallahi hii ya mwajiri kulipa mkononi imewaangusha wengi. Nashauri yeyote aliye kwenye mchakato, usipokee hata senti moja mkononi, hata ya nauli.

Kijana wa Boksi
Ushauri mwingine: oa hukohuko, yaishe.

Ankali Mvita
Mtu ameeleza msiba wake we unaleta masihara.

Mwanafunzi wa Zamani
Mama Tanga, pole sana. Mimi langu ni dogo mbele ya lako lakini ni sheria za miaka ileile. Nilikuja shahada ya pili mwaka 2011, mzee aliuza kiwanja. Hesabu ilikuwa nimalize, nipate ile viza ya miaka miwili ya kazi kwa wahitimu, nirudishe pesa ya kiwanja. Aprili 2012 ikafungwa. Nilirudi Dar na cheti na deni. Serikali ileile kesho yake inasema inataka wanafunzi wa kigeni. Viza ya namna hiyo ilirudishwa 2021, mimi nina mvi.

Kibaraza
Mwanatanga, asante kwa kufungua moyo. Wakuu, naomba tusiache mada. Nani alikuwa na kauli gani kuhusu muungano wenyewe wa vyama viwili?

Ankali Mvita
Mimi nilitoka Kenya ya nusu mkate nikaingia hiyo ya kwao, kwa hivyo nilikuwa na cha kupimia. Sisi 2008 tulipata mseto kwa sababu watu wameuawa, ikabidi kila upande upewe viti, mawaziri wapatao 40. Kule Clegg alipata viti vitano tu barazani na akaona ameshiba. Kwetu hata mkipigana humo ndani kila mmoja ana watu wake wa kumtetea. Clegg alipoteza watu wake siku ya ada na hakupata wa Cameron. Mei 2011 walipopiga kura ya kubadili mfumo wa uchaguzi, jambo pekee kubwa alilolipigania, wananchi wakamkatalia kwa asilimia 67.9. Nilikuwa East Ham, jirani yangu hata mfumo wenyewe haujui, aliniambia anakwenda kumkomoa Clegg.

Mwalimu Mstaafu
Niongeze jambo ambalo vijana hamlijui. Waziri aliyesimamia ile ada ya 9,000 ni Vince Cable, na huyo amekula ugali wetu. Alifanya kazi hazina ya Kenya kuanzia 1966 hadi 1968, chini ya Mzee Kenyatta. Mtu anayejua mzazi anauza ng'ombe ili mtoto asome ndiye aliyepandisha ada karibu mara tatu. Katika wabunge 57 wa chama chake, 28 waliunga mkono na 21 wakapinga. Hao 21 ninawaheshimu mpaka leo. Clegg aliomba radhi Septemba 2012, lakini aliomba radhi kwa kuahidi, hakuomba radhi kwa kupandisha. Wazazi waliisikia tofauti hiyo.

Mzee Ukonga
Mwalimu, ng'ombe hauzwi kule. Mkopo unalipa ukishapata mshahara wa kutosha, usipopata hulipi. Masikini hakuzuiwa.

Mwalimu Mstaafu
Masikini anaogopa deni, bwana. Muulize Kibaraza na bintiye.

Kibaraza
Binti anaogopa, ni kweli. Na Mei 2015 majibu yalitoka: Liberal Democrat kutoka 57 hadi 8, Conservative wakapata wingi wao wenyewe. Kama watu waliuchukia mkanda, mbona aliyeushika pande zote akaongezewa kura? Hapo ndipo ninaposema walichukia uongo zaidi.

Lubumbashi Kwetu
Wewe unasema uongo, mimi nasema chumba. Kila mtu alichukia kilichomfika.

Dada wa Zamu
Mwanatanga, hukujibu. Shemeji alifika?

Mwanatanga
Alifika dada, mara ya pili tulipoomba. Yuko hapa anaendesha lori, anasoma haya begani kwangu na anawasalimu. Mzee Ukonga, kodi uliyopunguziwa na mimi nilipunguziwa, sikatai. Ilinipita mkononi ikaenda kwenye ada ya viza.

Mgeni Mpya
Samahani kuingilia. Mimi niko kwenye hali hiyo sasa hivi, mchumba yuko Zanzibar. Bado ni 18,600?

Ankali Mvita
Imepanda. Tangu Aprili 2024 ni 29,000. Kama kipato hakifiki wanakubali akiba, pauni 88,500 zikae benki miezi sita bila kuguswa.

Kijana wa Boksi
88,500 unazo, unamleta Zanzibar wa nini? Nenda wewe.

Mwanatanga
Mgeni Mpya, usiwasikilize. Njoo PM, nitakuonyesha namna ya kuzipanga hati zako kabla hujalipa hata shilingi.